Jua la Siku Moja

Hakuna mwanamke wa Mbaga aliyejua kutunza chakula kama Ernesta, mke wa Eliufoo. Hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Mahindi yake yalikaa darini juu ya jiko, yakala moshi mpaka maganda yakawa meusi, na mdudu hakuyagusa. Majani ya kunde aliyachemsha kidogo, akayaanika, akayafunga katika majani makavu ya mgomba. Ukiyaloweka baada ya miezi sita, ungedhani yamechumwa jana. Maharage aliyachanganya na majivu yaliyochekechwa, akayajaza vyunguni na kuziba midomo kwa udongo na samadi. Kila Sikukuu ya Mavuno kapu lake ndilo lililowekwa mbele kabisa kanisani, na mwinjilisti alilitaja alipomshukuru Mungu kwa mwaka ule.

Ilikuwa hivyo tangu alipoolewa, miaka minne kabla ya Uhuru, mpaka mwaka 1972, shemeji yake Tumainieli alipopanda mlima na mke.

Tumainieli alikuwa akikata mkonge kule tambarare. Mke wake aliitwa Wema. Baba yake Wema alitoka Songea zamani kuja kufanya kazi ya mkonge, akafia hukohuko, na mama naye akamfuata. Wema hakujua Kipare. Hakujua ndizi ipi ni ya kupika na ipi ni ya kuivisha. Ernesta alimpokea vizuri, akamwonyesha njia ya kisimani, akamwazima sufuria na jembe. Moyoni alifurahi kupata mtu wa kumfundisha.

Shida ilianza na mkeka. Wema alisuka mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau na kijani, akampa mama mkwe wao, Bibi Koleta. Kwa miaka kumi na tano Bibi Koleta hakuwahi kumsifu Ernesta zaidi ya kusema, "Imetosha." Siku ile aliutandika mkeka uani, akapitisha kiganja juu yake polepole, akasema, "Mwanangu huyu ana mikono."

Ernesta alirudi kwake akaosha vyungu ambavyo havikuwa vichafu.

Sikukuu ya Mavuno ilipofika, mwinjilisti alilitaja kapu la Ernesta kama kawaida. Kisha akainua mkeka mwingine wa Wema na kifurushi cha makopa, mihogo iliyokaushwa ikawa myeupe kama chokaa, akasimama navyo muda mrefu zaidi. Ernesta aliuona muda huo. Mwaka uliofuata likaja darasa la redio la Mtu ni Afya. Kikundi kilihitaji mtu wa kusoma kijitabu kwa sauti, na Wema alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Basi wanawake wakawa wanakusanyika kwa Wema, wanatazama kichanja chake cha vyombo, wanauliza alivyofunga fito. Ernesta alikuwa na kichanja tangu zamani. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Agosti ile, mwaka 1973, Wema alikuja asubuhi kwa Ernesta na kikapu cha maharage kichwani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimevuna maharage yangu ya kwanza. Naomba unifundishe kuyahifadhi kama wewe. Sitaki yaharibike mikononi mwangu."

Ernesta alikuwa akichekecha majivu. Aliyajua maneno ya kweli: yaanike siku nne au tano, mpaka ukiuma punje ipasuke kwa mlio, ikibonyea, bado. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa. Lakini asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwona Bibi Koleta akipita mlangoni pake bila kusimama, akienda kunywa uji kwa Wema.

"Jua la siku moja linatosha," alisema. "Kisha majivu, kisha uzibe."

"Siku moja tu?"

"Hayo ni maharage, si mihogo."

Wema alishukuru, akaenda zake.

Siku za kwanza Ernesta alingoja kwa hamu. Alijiona akiitwa, akifungua chungu mbele ya Bibi Koleta, ukungu umetapakaa, na yeye akitikisa kichwa kwa huruma. Lakini vuli ilipofika mvua haikunyesha. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, migomba ikainama. Mwanzoni mwa mwaka watu walianza kushuka Same kuchukua mahindi ya njano ya serikali, na Wema alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Ndipo Ernesta alipoacha kulala vizuri. Kila alipomwona Wema akipanda kutoka kisimani, alimtazama tumbo, kisha akatazama pembeni.

Siku moja ya Machi alijaza kapu maharage yake mwenyewe, akaenda. Wema alikuwa uani akichagua mawe kwenye mahindi.

"Wema, yale maharage yako usiyatumainie," alisema akiwa bado amesimama. "Nilikudanganya. Yanatakiwa siku nne au zaidi. Nilijua, na nikakuambia moja."

Wema aliendelea kuchagua. "Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Wiki ya tatu niliweka mkono juu ya chungu, nikakuta kina joto. Nikafungua, nikayamwaga, nikayaanika tena mpaka yakalia. Nimepoteza kama theluthi." Akatupa kijiwe. "Nilikuona wewe ukianika ya kwako siku tano."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukumwambia mama?"

"Niseme ili nipate nini? Sina kwetu huku. Nikigombana na wewe, nitakimbilia kwa nani?"

Alilipokea kapu kwa mikono miwili, akashukuru, akamsogezea Ernesta kigoda akae. Hakulia wala hakusema amesamehe. Ernesta alikaa kidogo, akaaga.

Njiani kurudi hakuwa na amani aliyoitegemea. Alikuwa na hasira. Hata katika hili Wema alikuwa amemzidi: alilibeba jambo miezi saba kimya, huku akimwamkia kila asubuhi. Ernesta alijua yeye asingeweza hata siku mbili. Alimwonea wivu kwa hilo kuliko alivyowahi kumwonea kwa mkeka.

Mtoto alizaliwa Mei, msichana, wakamwita Rogathe. Siku zote za uzazi Ernesta ndiye aliyepika uji na kufua nepi. Hakuna aliyemtuma.

Mwaka 1975 serikali ya kijiji iligawa viwanja vipya chini tambarare, mahali paitwapo Kisiwani, na Tumainieli akapata kimoja. Walihama na mbuzi wao wawili na vyungu vilivyofungwa kwa majani. Ernesta alikuwa ameiomba siku hiyo kimoyomoyo kwa miaka. Sikukuu ya Mavuno iliyofuata kapu lake lilikaa mbele peke yake, mwinjilisti akalisifu vizuri, na yeye akaona kanisa limekuwa kubwa mno. Jumatatu yake akajitwika maharage na majani makavu ya kunde, akashuka mlima kwa miguu.

Alimkuta Wema uani kwenye kijiji kile kipya, amekaa na mwanamke mmoja wa makamo, wakimenya mihogo ya makopa. "Dada, nisogezee debe," Wema alimwambia yule mwanamke.

Neno hilo lilimchoma Ernesta mahali alipopajua. Dada. Alisimama na mzigo kichwani, asijue aweke wapi uso wake.

Wema aligeuka, akaruka kumtua. Yule mwanamke naye akainuka. "Karibu. Mimi naitwa Kuluthumu, jirani. Wewe ndiye dada wa mlimani?"

"Ndiye mimi."

"Basi afadhali tumekuona. Tumechoka. Kila siku dada wa mlimani anafanya hivi, dada wa mlimani haweki majivu bila kuchekecha."

Ernesta aligeuka amtazame Wema, lakini Wema alikuwa tayari ameingia ndani kumletea maji ya kunywa. Yalipofika, Ernesta akanywa. Kisha akaomba kisu, akavuta kigoda. Walimenya mpaka debe likajaa, na Ernesta alikuwa amehakikisha kwamba yeye ndiye aliyekaa katikati.