Saa ya Bashi Florence

Ukipita Kabuta, ufukweni mwa ziwa upande wa Zambia, ukauliza habari za Olipa, utaambiwa kwamba huyo ndiye mke mwema kuliko wote waliowahi kuanika chisense, dagaa wadogo wa pale, kwenye mchanga ule. Olipa mwenyewe akiyasikia hayo hutema mate. Sifa hiyo ndiyo iliyomnyang'anya saa yake, na saa ile aliihangaikia miaka miwili kwa jasho lake mwenyewe.

Kwanza niseme kwa nini mwanamke wa kuuza dagaa wa ziwani atake saa. Mwaka wa tisini na sita wauguzi walichagua wanawake watatu wa ufukweni wakawafundisha, wiki sita, kumtambua mtoto mwenye nimonia. Kazi yenyewe ni rahisi kuisema. Unamvua mtoto shati, unatazama kifua kinavyopanda na kushuka, unahesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka, zikifika hamsini, apakiwe kwenye baiskeli apelekwe zahanati bila kungoja. Mwisho wa mafunzo walipewa cheti, kofia na mfuko wa kitambaa. Saa hawakupewa.

Olipa akanunua ya plastiki, ile ya tarakimu. Unyevu wa ziwa uliimaliza kabla ya mwezi kwisha, na betri yake ilitakiwa ifuatwe mbali, mjini Mansa. Tangu hapo akawa anahesabu kwa kukisia. Kwa mtoto wa jirani yake Eness, Olipa alikisia vibaya: alisema pumzi ni za kawaida, na siku ya tatu mtoto akazikwa. Eness hakumlaumu hata kwa neno moja. Olipa alitamani sana alaumiwe.

Mwaka uliofuata, Clémentine, mama wa Kikongo aliyekuwa akivuka ziwa kutoka Pweto, ng'ambo ya Kongo, kuja kununua chisense, alifungua pindo la kitenge chake akatoa saa ya kiume ya zamani, ya kutia ufunguo kwa kuzungusha kidude chake cha ubavuni. Ilikuwa ya mjomba wake marehemu, aliyekuwa karani migodini enzi za Wabelgiji. Kioo kilikuwa kimepasuka na mkanda haukuwepo.

"Iyi haitembeye, mama," Clémentine alimwambia. "Mi minakuambia kweli, Mungu anaona."

Lakini Olipa alikuwa ameshauona mshale mwembamba wa sekunde, mzima, umelala juu ya ule uso wenye kutu. Akampimia ndoo ya chisense, ikajaa mpaka ikamwagika. Nyumbani mumewe Bwembya aliigeuzageuza ile saa akacheka mpaka akakohoa. Alisema mke wake amenunua maiti.

Mafundi saa hawakuwa wengi. Aliyeaminika alikuwa Zéphirin, Mkongo aliyekaa sokoni Kashikishi chini ya bati moja, lenzi imefungwa jichoni kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa mtu wa kanisa, hasemi uongo hata wa mzaha, na watu walimcheka kwa hilo. Aliifungua saa kwa ncha ya kisu, akainama juu yake, kisha akauliza kama anavyomwuliza kila mtu:

"Saa iyi ni ya nani, mama?"

"Ya bashi Florence," Olipa akajibu. Yaani ya baba yake Florence, binti yao.

Alijibu bila kufikiri, na asingeweza kujibu vingine. Kabla ya kuolewa alifungiwa ndani na nacimbusa, mama anayewafunda wanaoolewa, na katika yale aliyofundishwa lilikuwemo hili: mwanamke mwenye adabu hasemi yangu mbele za watu. Nyumba ni ya mume, sufuria ni ya mume. Mwanamke akisema saa yangu, tena saa ya kiume, watu watamwuliza ni mwanamume gani aliyempa. Kwa miaka kumi na saba ya ndoa Olipa alikuwa akijibu hivyo, na ulimi ulikuwa umeshazoea.

Zéphirin akazitumbukiza nyama za ndani za ile saa katika petroli, ndani ya chupa ya jemu, akazisugua kwa unyoya wa kuku. Akasema springi iko salama.

"Axe njo ilivunjika," alisema, akamwonyesha kijiti ambacho Olipa alikiona kwa shida: mti wa lile gurudumu dogo linalopiga. "Hapa Zambia hautapata. Tungoje saa ingine ya ukoo yake, yenye kufa. Tutatosha axe mule, tuweke umu."

Wakangoja. Kila alipokwenda Kashikishi kuuza, Olipa alipita chini ya lile bati kuuliza, akaacha fungu la samaki au unga wa muhogo ili fundi asimsahau. Miezi sita ikapita, ukapita mwaka. Vita vilipoanza tena ng'ambo, watu wakavuka ziwa na vyombo vyao kichwani, na mmoja wao alikuwa na saa ya ukoo uleule, mbovu, ya kubadilishana na unga. Olipa aliutoa unga wa wiki nzima. Nyumbani walikula viazi vitamu, na Bwembya alinuna lakini alikula.

Kilichobaki alikifanya mwenyewe. Kioo Zéphirin alikipata katika ile mbovu, kimechubuka hata hakionyeshi ndani. Olipa alikisugua kwa dawa ya meno kutwa nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Mkanda aliukata katika mkoba wake wa kanisani, mkoba pekee aliokuwa nao, akaushona kwa uzi wa nyavu. Mwezi wa nne wa tisini na tisa fundi akamwekea saa sikioni. Ilikuwa inatembea. Olipa alilia pale sokoni bila haya, mbele ya wauza nyanya.

Usidhani aliivaa. Ilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa, na kila alfajiri kabla ya kuwasha moto aliitia ufunguo, mizunguko ishirini, si zaidi. Jumapili Bwembya aliifunga mkononi akaenda nayo kanisani, akiukunja ule mkono kila mara ili watu waone. Olipa alimwachia, na alifurahi kumwona mumewe anaheshimika. Kufikia mwezi wa saba alikuwa amehesabu watoto kumi na mmoja. Wanne aliwapeleka zahanati na wote wanne wakarudi wazima.

Kisha Bwembya akaugua. Alikauka mwezi baada ya mwezi, kwa ugonjwa ule ambao siku hizo watu waliuita kifua. Olipa hakuwa mjinga. Alijua ndugu wa mume huja kuchukua nini baada ya mazishi.

"Bashi Florence," alimwambia alipokuwa akimnywesha uji, "wachukue baiskeli, wachukue nyavu. Waambie tu kwamba saa ni yangu. Wakisikia kinywani mwako hawatabisha."

"Nitawaambia," Bwembya akasema.

Rodwell, mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa boma la Nchelenge, alikuja kumtazama mara tatu. Mara zote tatu Olipa alikaa mlangoni, masikio wazi. Walizungumza habari za mpira na bei ya dizeli. Mara ya tatu Rodwell aliitaja saa mwenyewe, akasema kaka yake alikuwa na jicho la kuchagua vitu. Bwembya alimtazama mkewe, akageukia ukuta, akanyamaza. Alikuwa anakufa, na bado aliona aibu watu wajue kwamba saa aliinunua mwanamke. Olipa alimwuguza mpaka siku ya mwisho kwa mikono yote miwili, lakini kimya kile hajamsamehe.

Baada ya maziko ukoo ulikaa kugawana. Baiskeli ikaenda, nyavu zikaenda, redio ikaenda. Rodwell akauliza saa iko wapi.

"Ile ni yangu," Olipa akasema.

Shangazi mmoja wa Florence aliguna. Wengine walitazamana kama waliosikia tusi. Mjane ambaye hata nywele hajanyolewa, anasema yangu! Olipa akapiga moyo konde, akawaambia wamwite fundi Zéphirin, maana yeye ndiye aliyepokea kila samaki na kila bakuli la unga.

Zéphirin akaja na shati lake la ibada. Akaeleza yote, tangu petroli hadi kioo, na kwamba malipo yote yalitoka mkononi mwa mama huyu, yeye fundi hakumwona mwanamume hata siku moja. Olipa akaanza kupumua. Ndipo Rodwell akauliza, kwa Kiswahili chake cha kununulia samaki:

"Lakini fundi, ile siku ya kwanza, mama alisema saa ni ya nani?"

"Alisema ya bwana yake," Zéphirin akajibu. "Siku yote alisema vile." Kisha, kwa kuwa alimpenda Olipa na alitaka kumjengea jina mbele ya wakwe, akaongeza: "Minamusifu sana. Banamuke bengine banakula feza ya samaki. Uyu alitengeneza kintu ya bwana yake mupaka ikatembea. Muke muzuri kweli, vraiment."

Wakakubali wote. Wakamsifu! Yule shangazi aliyeguna alimshika bega akasema kweli kaka yao alioa mtu. Olipa akaambiwa aitoe, akapiga magoti, akaitoa kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, na Rodwell akaifunga pale pale.

Baada ya wiki mbili Rodwell alikuja ufukweni alipokuwa Olipa akigeuza chisense juani. Alivua saa akamwonyesha.

"Mulamu," alimwita, yaani shemeji, "ilisimama kesho yake tu baada ya mazishi. Nimeitikisa, nimeipiga. Betri yake huwekwa wapi?"

Olipa aliutazama ule uso wa saa alioujua kuliko uso wa mtoto wake. Mizunguko ishirini tu ya ufunguo, basi. Angesema hivyo, mtu huyu angeivaa mpaka uzeeni. Akafikiri haraka: kitu kibovu Rodwell atakitupa, na kikitupwa hapa miguuni pangu, ni nani atakayenizuia kukiokota?

"Haina betri," akasema. "Ilikuwa inakwenda kwa mkono wa bashi Florence. Yeye amekwenda, na mwendo wake ameuchukua. Hata ukiivaa, mulamu, unavaa mkono wake."

Dereva wa boma, mtu wa suruali ya kupiga pasi, jasho lilimtoka usoni. Aliishika saa kwa ncha za vidole viwili. Olipa alikwisha kunyoosha kiganja.

Lakini mtu aliyeshikwa na hofu ya marehemu haachi kitu kama hicho mikononi mwa mjane wake. Rodwell aliingia majini na viatu vyake mpaka magotini, akauzungusha mkono, akairusha saa kwa nguvu zake zote, mbali, kule mitumbwi inakopita. Olipa alisikia inavyoanguka. Rodwell akanawa mikono, akanawa uso, akarudi mchangani, akamshika Olipa mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mulamu," alisema. "Umeniokoa."