Gari la Babu Halikutaka Miguu Yangu

Nilikata pedeli ya breki. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu wa kwetu akisimulia habari hii huanzia hapo na kuishia hapohapo, kana kwamba mbele na nyuma yake hakukuwa na kitu. Babu alikuwa msikitini kwa swala ya alasiri. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaifupisha pedeli kwa vidole vinne, nikapiga msasa nilipokata mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto, nikajiona fundi. Gari lenyewe limemzidi mama umri, na pedeli yake haipatikani duka lolote. Haya, nimekiri. Sasa na mimi nisikilizwe.

Ni gari la mbio, la kiti kimoja. Magurudumu yote manne yako nje kama miguu ya kaa, na katikati kuna bodi nyembamba mithili ya muhogo, yenye tundu la kuingilia dereva. Babu yangu mzaa mama alikuwa makanika kwenye shamba la mkonge, na meneja wa shamba ndiye aliyekuwa akilikimbiza kwenye barabara za vumbi za humo. Alipoondoka nchini akamwachia babu. Likawekwa kwenye banda nyuma ya nyumba yetu hapa Dunda, na kwa miaka mingi waliolifaidi ni kuku. Walitagia palepale penye kiti.

Aliyewatoa kuku ni mimi. Aliyesugua kutu kila Jumamosi kwa miaka miwili, wenzake wakiwa uwanjani wanacheza mpira, ni mimi pia. Babu alikaa pembeni akinionyesha kwa bakora: "Hapo. Hapo tena. Hapo hujasugua, umepapasa." Nikisugua anasema gari lile lina sauti ambayo Bagamoyo haijaisikia kwa siku nyingi, na kwamba magoti yake yeye hayakunji tena. "Likiwaka, utaliendesha wewe." Sikuota maneno hayo wala sikuyachonga. Alinitamkia mwenyewe, meno yake ya bandia yakiwa mdomoni, kwa hiyo hawezi kusema nilimsikia vibaya.

Mwezi wa Shaabani likawaka. Babu akatangaza barazani kwamba siku ya Idi watu waje uwanjani, wataliona likitembea. Sasa tatizo likawa moja: katika miaka miwili ile gari lilibaki vilevile, mimi sikubaki. Mama alishusha pindo za suruali zangu za shule mpaka pindo zikaisha. Darasani nimehamishwa nyuma kabisa nisiwazibe wenzangu ubao, huko wanakokaa watu wasiopenda shule, halafu wakaniuliza mbona nimeanza utundu. Mtaani naitwa Nguzo. Kuna mwendesha bodaboda kijiweni kila nikipita huniuliza kama umeme umerudi.

Nilipoingia ndani ya gari siku ile likiwa limewaka, magoti yalinipanda kila upande wa usukani kama ya panzi. Nikikata kulia, usukani unagonga goti. Nikikata kushoto, unagonga la pili. Na mguu wangu wa kulia, unaovaa namba arobaini na tano, ukikanyaga breki unakanyaga na mafuta, yaani gari linaambiwa simama na kimbia kwa pamoja. Ndipo nikafikiri, pedeli ikipungua, mguu utapata nafasi. Kidato cha tatu tumefundishwa habari za wenzo, kwamba mkono ukiwa mrefu ndipo nguvu inapokuwa kubwa, na mtihani nikaufaulu. Kumbe unaweza kufaulu kitu bila kukijua hata kidogo.

Babu aliporudi akainama kwenye tundu la gari, akakitazama kile kigutu. Hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alisema tu, "Breki hiyo sasa ukitaka gari lisimame, uipige teke kama punda," akaingia ndani.

Ijumaa yake mjomba akaja kutoka Dar, kaka yake mama, na alikuwa ameshapata habari zote kwa simu.

"Mtoto mrefu hivi wa nini?" alimwuliza mama, mimi nikiwa nimesimama hapohapo na sinia la kahawa. "Urefu huu katoa wapi? Kwetu hakuna."

"Kwao upo," mama akajibu, wala hakuinua macho kwenye ungo aliokuwa akipetea mchele.

"Basi mimi nasema hivi. Mwanangu atakuja Idi, ataliendesha yeye. Yule kaumbwa kwa gari hili."

Kaumbwa! Binamu yangu tumezaliwa mwaka mmoja, ananifika begani akiwa na raba, na ufundi wake wote wa kuendesha uko kwenye simu. Msasa hajawahi kuushika hata kwa kuutupa. Mimi kwa miaka miwili nimemeza kutu mpaka nikikohoa nasikia ladha ya bati, halafu kwa sababu Mungu kanipa mapaja, gari apewe mtu aliyekaa sebuleni Dar anakula bisi? Nikaliweka sinia chini kwa kishindo. Mama akanitazama. Nikaliinua, nikaliweka upya polepole.

Babu ndiye aliyekata maneno. "Gari sitalikata mimi kwa ajili ya mtu. Alikate mwenyewe, kwa kuwa naona anapenda kukata, ila safari hii nitakuwepo. Siku ya Idi wote wawili wataingia. Usukani uzungushwe mpaka mwisho, kulia na kushoto, goti lisiguse. Breki ikanyagwe, mafuta yasiguswe. Yakimshinda, wa Dar ataendesha."

"Na huyo wa Dar akishindwa?" nikauliza.

"Yeye ana nini cha kumshinda?" mjomba akasema, akacheka peke yake.

Mwezi mzima wa Ramadhani nikautumia humo bandani. Babu alinionyesha kwamba shida haikuwa pedeli, ilikuwa mahali pa pedeli. Mbele yake, ndani ya pua ya gari, kulikuwa na nafasi tupu ya kutosha shibiri moja, ila bomba la chuma la fremu lilikuwa limekatiza njia. Tukalikata bomba lile, tukachomelea jingine mbele zaidi, tukazihamisha pedeli zote tatu na bomba la mafuta ya breki tukalirefusha. Kigutu changu babu alikiunga kwa kipande cha springi ya lori, akakichomelea taratibu, kila baada ya dakika chache ananiita nitazame. Breki akaisogeza kushoto, mbali na ile ya mafuta. Usukani tukauinua vidole viwili kwa kuuwekea kipande cha chuma chini ya shingo yake. Huo wote ni ufundi wa mtu aliyefunga, jua la saa nane, chini ya bati. Hakuna aliyelisimulia hilo. Wao ni msumeno tu.

Kiti ndicho kilichobaki. Kiti cha zamani kilikuwa cha springi, kimenyanyuka, na kilinipandisha juu kichwa kikapita upinde wa chuma wa nyuma, ule unaotakiwa kumkinga dereva gari likipinduka. Babu akanipeleka Mlingotini kwa fundi mmoja wa boti za faiba. Fundi akanizunguka mara moja, akamwuliza babu, "Huyu wote?"

"Wote."

Maji yalikuwa yamekupwa. Akachimba shimo kwenye mchanga mbichi, akaniambia nivue shati, nibaki na bukta, nilale humo kama ninavyokaa garini, mgongo umeegemea nyuma. Kisha akanipa mfuniko wa sufuria niushike ndio usukani. Nikashika. Akaanza kunishindilia mchanga mbavuni kwa viganja, mchanga wenye baridi, wenye vikaa vidogo vilivyokuwa na mambo yao. Watoto wakajaa.

"Kafa?"

"Hajafa, anapepesa."

"Mbona wanamzika kakaa?"

"Hatoshi shimoni, si unaona miguu."

"Mfuniko wa nini?"

"Atapikia huko."

Nimefunga, nina kiu, siwezi kucheka wala kutukana, maana vyote viwili vinatikisa mbavu na fundi amekataza. Babu alikuwa amegeukia baharini, mabega yanamtetema. Babu yangu mzazi! Nilipotolewa, nyuma yangu pakabaki shimo lenye mgongo wangu kamili, mpaka vifundo vya uti. Fundi akatandika nailoni, akapanga vitambaa vya faiba, akavipaka gundi, na kabla maji hayajarudi kiti kilikuwa kimekauka. Chembamba kama ganda la nazi. Tulipokiweka garini nikazama mpaka mabegani, kichwa chini ya upinde, magoti yamenyooka yakaingia chini ya usukani. Nikauzungusha kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Nikakanyaga breki peke yake. Babu akagonga bodi kwa bakora mara mbili, na kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Siku ya Idi tulitoka kuswali nikaenda moja kwa moja bandani. Sikunywa hata chai. Tukalisukuma gari mpaka uwanjani na vijana wa mtaa, na watu wakaja kweli, mpaka wenye vitumbua walihamishia meza zao huko. Mjomba akafika na binamu, huyo binamu kanzu mpya, kofia ya mkono, manukato yanamtangulia hatua kumi. Mimi nikafungua vifungo vya kanzu yangu nianze kuivua, ndani nilikuwa na ile bukta ya mchangani.

"Unafanya nini?" babu akauliza.

"Navua, babu. Niingie."

"Leo Idi. Watu wazima wote hawa, na mama zako wale pale, unapita mbele yao na bukta? Ingieni na kanzu zenu."

Nikavifunga tena vifungo. Mwezi mzima tumepima mapaja, tumepima vidole, tumepima mpaka pumzi, na hakuna hata mmoja wetu, si babu, si fundi, si mimi, aliyekumbuka kwamba siku ya Idi mtu hutoka na kanzu. Tulipima mtu wa siku ya kazi. Kanzu yangu ilikuwa imekatwa kwa urefu wangu, kitambaa cha kutosha tanga, na pasi imeifanya ngumu kama karatasi ya madaftari.

Babu akaliwasha gari, binamu akaingia kwanza. Kanzu yake ndogo, yeye mdogo, akazama kwenye kiti cha mgongo wangu kama njugu kwenye ganda. Kulia, kushoto, breki akaifikia kwa ncha ya mguu. Hakugusa kitu. Mjomba akapiga makofi.

Nikaingia mimi. Kanzu ikanikunjamana magotini, nikaisukuma kule chini ikakusanyika miguuni. Usukani kulia ukapita. Kushoto ukapita. Nikakanyaga breki, na pindo likaninasa kidoleni, likavuta, likakalia pedeli ya mafuta. Injini ikanguruma uwanja mzima.

"Imegusa," mjomba akasema.

"Si mguu! Ni kanzu!"

"Babu yako hakusema mguu. Kasema mafuta yasiguswe."

"Wewe umegusa nini kwenye gari hili? Taja kitu kimoja umekigusa!"

"Teremka," babu akaniambia. "Usimjibu mjomba wako hivyo."

Nikateremka, ndiyo. Lakini niliposimama chini nikaivua ile kanzu, kichwani, palepale, na kofia ikaondoka nayo. Nikaitupa mchangani. Nikabaki na bukta na fulana yenye matundu mawili kwapani. Akina mama wakapiga kelele wakajifunika khanga nyuso, wengine wakacheka wazi. Yule wa bodaboda akapaza sauti, "Nguzo imeanguka na waya zake!" Sikumtazama mtu. Nikaingia tena garini. Kulia mpaka mwisho. Kushoto mpaka mwisho. Breki, nikaikanyaga na kuishikilia, na injini haikupandisha sauti hata kidogo.

"Haya, semeni imegusa!"

Babu aliutazama mguu wangu ndani ya pua ile, akatazama kile kipande cha springi alichokiunga, akaniambia bila kuniangalia usoni, "Nenda."

Nikaenda. Nilizunguka uwanja mara tatu na vumbi lote la Dunda mdomoni, sauti ile ikinipitia mgongoni kupitia kiti, watoto wananikimbilia pembeni, na mzunguko wa mwisho nikalipeleka moja kwa moja kwenye mkorosho wa pembeni, nikakanyaga breki kwa makusudi ili wote waone. Likasimama. Ningeweza kunyoosha mkono nikachuma korosho. Nilikuwa nimepandwa na hasira bado, hata nikiwa nashangilia. Nikapanga kichwani maneno ya kumwambia mjomba, ya kumwambia babu kuhusu ahadi, na ya kumwambia binamu kuhusu msasa, na yote yalikuwa mazuri.

Nilipotoka garini niliyemkuta mbele yangu ni mama. Alikuwa ameiokota kanzu, ameikung'uta, ameikunja mara mbili juu ya mkono wake. Nikamwambia, "Mama, umeona? Umeona walivyotaka kunidhulumu?"

Mama akasema, "Nimeona. Vaa, uende ukampe babu yako mkono wa Idi. Tangu tumetoka kuswali hujampa, wala mimi hujanipa."