Tajiri Asiyetaka Dalali

Yule kijana aliyetajirika kwa programu ya simu, ile ya kupangisha nyumba bila dalali, juzi alikuja peke yake kumposa mjukuu wa jirani yangu hapa Mji wa Kale. Nami nilikuwepo, kikombe mkononi.

"Wazee wako wa posa wako wapi, mwanangu?" jirani akamuuliza, leso kaivuta mdomoni kuficha kicheko.

"Nyanya, mimi mali yangu yote nimeipata kwa kuondoa madalali."

"Haya, na mke utamkosa kwa hilo hilo. Nenda kawalete."

Ijumaa wakaja wazee watatu, wakala halua, wakazungumza wee. Tajiri wetu kakaa nje barazani kando ya viatu vyao, akingoja dalali atoke amwambie kama kakubaliwa.