Mkono Wangu na Mizani ya Kaunta

Shirika letu la ndege ni dogo, la Wagiriki: lina safari za ratiba chache kwa wiki, na za kukodi misimu ya harusi na likizo. Mimi napokea mizigo kaunta, hapa London. Begi nikilinyanyua, najua kilo zake. Sijisifu. Nimefunga mizigo ya kwenda Mombasa miaka mingi, na kila jirani wa mtaani kwetu Barking huniletea "kimzigo kidogo tu" nimpelekee mama yake.

Asubuhi moja mizani ilisema ishirini na mbili. Mkono wangu ukasema ishirini na saba. Nikasimamisha foleni. Meneja wetu, Mgiriki asiye na subira, akaja juu, akaniuliza tangu lini mkono ukawa mashine. Nikamwambia ndege yetu ni ndogo, na hapiti mtu mpaka mizani ikaguliwe. Fundi akaja na vyuma vyake vya kupimia. Mizani ilikuwa inapunguza kilo tano. Fundi akairekebisha. Mimi nikaita abiria anayefuata.

Wiki iliyofuata meneja alikuwa anakwenda likizo kwao kisiwani. Begi lake hakulipeleka kwenye mizani, alinipa mimi. Nikalinyanyua.

"Thelathini na moja. Fungua, upunguze."

Akafungua, anaona haya. Nguo zake zilikuwa mbili tatu. Kwingine kote kumejaa vifurushi vilivyoandikwa majina ya watu.

"Ni vya majirani," akasema. "Kila mmoja aliniambia ni kidogo tu."