Mazoezi ya Kutukanwa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, Mchungaji Byamungu alinisimamisha mbele ya watu akaniambia nimtukane. Kanisa letu lilikuwa ghorofani, hapo katikati ya Johannesburg, juu ya duka la mablanketi, na kila Jumamosi baada ya kupiga deki tulifanya mazoezi hayo. Nusu yetu walijifanya wale vijana wanaokuja kufukuza wageni: walisukuma, walimwaga maji, walitoa matusi. Nusu nyingine walikaa sakafuni, mikono mapajani, bila kujibu. Mimi msusi, na ulimi wangu unaujua. Nilimtukana mchungaji mpaka wanakwaya wakacheka, naye akacheka, lakini mikono yake haikutoka mapajani.

Siku yenyewe ikaja. Wale vijana walishuka barabarani na fimbo, wakipindua meza zetu za biashara. Mchungaji akaketi kwenye lami, nasi tukaketi nyuma yake. Wakampiga. Nilipoona damu inamtoka jichoni, nikainuka na mkasi wangu wa saluni. Kijana aliyekuwa akimpiga alikuwa amenipa mgongo, karibu kabisa.

"Mama Neema," mchungaji akasema kwa Kiswahili cha kwao, bila kupaza sauti. "Weka makasi chini. Ikala."

"Wanakuua, Baba!"

"Ikala, mama. Uyu naye ni mutoto ya watu."

Nikaketi. Kijana akageuka, nikauona uso wake vizuri. Nililia kwa hasira, wala si kwa huruma.

Usidhani tulishinda. Meza zetu ziliteketea. Jicho lile halikuona tena. Wale watu walirudi, na wakarudi tena. Mchungaji alipofariki katika chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle, kusini mwa jiji hili, tulimzika watu wachache tu, maana wengine waliogopa kutoka nje siku hiyo. Kanisa sasa ni ghala la viatu. Hadi leo nagombana naye moyoni: Baba, tulikaa, ikawa nini? Nimechoka, mwanangu. Sioni mwisho wa mambo haya.

Na leo nimeiona nondo ya chuma uliyoificha nyuma ya kabati, kwa ajili ya maandamano ya kesho ya hao wafukuza wageni. Umezaliwa hapa, Kizulu chako kinanyooka kuliko Kiswahili, na bado wanakuita mgeni. Hasira yako naijua, nimeishi nayo. Lakini nisikilize. Yule kijana aliyenipa mgongo sasa ni mtu mzima. Namwona kwenye stendi ya teksi, amemshika binti yake mkono. Hanisalimii, hajui chochote. Simpendi hata kidogo. Ila mtoto yule ana baba, na mimi usiku nalala.

Basi nondo irudishe ulikoitoa. Kesho wakija, kaa hapa karibu nami, mikono mapajani. Siwezi kukuahidi kwamba watatupita. Mungu akulinde, mwanangu. Na asipokulinda wewe, basi ailinde mikono yako.