Chumba cha Saba

Fundi wa sauti wa kwaya yetu hapa Kolwezi haingii chumba bila kupiga kofi moja na kuinamisha kichwa, asikie kuta zinajibu nini. Vidole vyake vyembamba havitulii kamwe. Zamani alipita kwenye nyumba zilizoachwa za mtaa wa Kapata na redio kaseti, akirekodi kofi hilo; leo kompyuta yake inaichukua sauti yako na kuirudisha kwa mwangwi wa chumba atakachochagua kati ya vile alivyorekodi. Jumamosi alimchagulia Mama Mushiya, aliyerudi juzi kutoka Kasai, chumba cha saba. "Kina kasoro," alinong'ona. "Kuna kitu kinagonga nyuma." Mama aliimba mstari mmoja, akanyamaza ghafla.

"Iyi njo salon yetu, sebule ya kwetu. Unasikia saa ya papa, baba yangu, ku ukuta? Tuliiacha siku balitufukuza shiye Bakasai, mu quatre-vingt-treize, ile mwaka ya tisini na tatu." Akasogea karibu na maikrofoni, akimtazama fundi. "Ile saa, bila kuizungusha ufunguo, inasimama siku mbili zikiisha. Tata, uliingia mwetu siku gani?"

Vidole vya fundi vilikuwa vimetulia. Maikrofoni ilikuwa bado wazi, na swali likarudi kwenye spika mara nne, kwa mwendo wa saa.