Mzinga Uliomuua Baba Yake Bibi Somoe

Harufu ya grisi iliyochomwa na jua ndiyo inayonirudisha pale. Wiki iliyopita nilipeleka gari kwa fundi huko Carrollton, akafungua kopo lake karibu na pua yangu, na kabla sijaweza kujizuia nikawa nimeuma meno. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Ningemwambia nini? Kwamba nina hasira na chuma ambacho hakijafyatua risasi tangu mama yangu hajazaliwa? Ngoja niwaambie nyinyi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunaishi Irving, Texas, karibu na uwanja wa ndege, kwenye fleti ambayo vikombe vilitetemeka kabatini kila ndege ilipopita juu. Baba alikuwa mpakiaji wa mizigo ya ndege. Mama alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi, Zuhura, nilikuwa na miaka kumi na moja, na mdogo wangu Idi alikuwa na saba. Kiangazi kile Bibi Somoe, mama yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Rufiji. Alikuwa ameshavuka themanini, mwembamba, mgongo umenyooka, na katika Texas nzima aliogopa kitu kimoja tu: kiyoyozi. Alilala na khanga mbili na soksi za Baba, na asubuhi alituuliza tulimkosea nini Mungu hata akatuhukumu moto nje na baridi ndani.

Jumamosi moja tulikwenda Houston kwenye harusi ya Watanzania wenzetu. Kesho yake, Mama alipobaki kuwasaidia wenye shughuli kuosha masufuria, Baba akatuchukua sisi watatu kwenda kuona manowari. Ilikuwa meli ya vita ya zamani sana, imegeuzwa makumbusho, imefungwa kwenye maji ya rangi ya chai, na ng'ambo yake viwanda vya mafuta vilikuwa vinatoa moshi. Hewa ilikuwa nzito kama shuka lililoloa. Bibi alipanda ngazi ya chuma polepole, akasema, "Watu wa huku hata ngazi wanaipika."

Ndani, ubavuni mwa meli, ulikuwapo mzinga. Mtutu wake ulitokeza nje ya dirisha la chuma, mrefu kuliko gari letu. Aliyekuwa akiwaeleza wageni alikuwa mzee wa Kizungu aitwaye Walt, baharia mstaafu. Aliupenda mzinga ule kama mfugaji anavyompenda ng'ombe wake aliyeshinda maonyesho. Alitufungulia kifuniko cha nyuma, kipande cha chuma kinachonuka grisi, chenye hesi kama za skrubu, akatuonyesha jinsi kinavyojikaza kwa kuzungushwa kidogo tu. Huyu anasukuma kombora ndani, akasema, huyu anafuatisha mfuko wa baruti, huyu anafunga, na wawili wamekaa vitini na magurudumu yao ya shaba, mmoja anaupeleka mtutu kulia na kushoto, mwingine juu na chini. Akamnyanyua Idi, akamweka kwenye kiti. Idi akazungusha gurudumu, na kile chuma chote kikageuka taratibu bila kelele, kana kwamba kinamsikiliza.

"Umeona?" Walt akasema. "Hata mtoto anauweza. Huo ndio uzuri wa waliousanifu."

Kweli ulikuwa mzuri, na mpaka leo nauchukia uzuri ule.

Bibi alisogea. Akaweka kiganja chake juu ya mtutu, akakiacha hapo. "Hamisi," akamwambia Baba, "huu ni kama ule wa kwetu?"

"Mama, mizinga yote inafanana. Twende tukaone jiko lao."

"Muulize huyu bwana. Ukitolewa melini, ukipelekwa nchi kavu, unabebwaje?"

Baba akamgeukia Walt, akatabasamu lile tabasamu lake la kazini, akamwambia kwa Kiingereza, "Mama yangu anasema mzinga wenu unapendeza sana."

Walt akafurahi, akamwinamia Bibi kwa heshima. Bibi akasubiri jibu. Akamtazama Walt, akamtazama Baba. "Amesema nini?"

"Amesema karibu sana, Mama."

Nilihisi damu imenipanda masikioni. Nyumbani kwetu uongo ulikuwa na adhabu yake, na mwenye kuitoa alikuwa ni huyu huyu. "Baba, hakusema hivyo!" nikapiga kelele kwa Kiingereza. "She didn't say that!"

"Zuhura, nyamaza."

Lakini Walt alikwisha kuinama usawa wangu. "Bibi yako amesema nini?"

Nikamwambia. Akacheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo penye kuniuma zaidi. Akasema kitu kama hiki kinahitaji winchi na bandari. "Hakuna mtu anayeusogeza kwa mikono, binti."

Nikamtafsiria Bibi neno kwa neno, nikijivunia Kiswahili changu. Sikuwahi kuona uso ukibadilika vile. Hakupaza sauti. Aliniambia nifasiri na nisipunguze.

"Mwambie mama yangu alikuwa na mimba yangu. Askari walikuja shambani wakamchukua baba yangu na wanaume wenzake. Manowari ya Wajerumani ilikuwa imezama kwetu, mtoni, na wao wakaitoa mizinga yake. Wakawapa watu kamba wauvute mzinga mmoja matopeni, wauvute mchangani. Walipofika kwenye mwinuko mzinga ukarudi nyuma. Walioshika kamba waliziachia, wakapona. Baba yangu alikuwa nyuma, anatia magogo chini ya magurudumu."

Nilifasiri. Idi alikuwa ameacha kuzungusha.

"Mwambie wale askari waliukagua mzinga kwanza, kama umeharibika. Ndipo wakamtazama yeye."

Nikalifasiri na hilo. Walt alinyooka. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema, "Pole sana, bibi. Lakini hao walikuwa Wajerumani." Kisha akaigeukia familia nyingine iliyokuwa ikisubiri nyuma yetu, na kabla hatujaondoka pale nikamsikia akianza upya: hata mtoto anauweza.

Bibi alimshika Idi mkono akamshusha. Idi akalia, anataka kubaki. "Shuka," Bibi akasema, "kiti hicho si cha kwetu."

Garini Baba alilipuka. Alipiga usukani, akasema nimemwaibisha mbele ya mtu. Bibi, kutoka kiti cha nyuma, akamuuliza, "Mbele ya mtu yupi? Mimi niliyekaa hapa ni nini?" Baba akawasha gari. Tulimpitia Mama, tukaishika barabara ya Dallas kurudi Irving, Idi akiomba maji njia nzima. Bibi aliondoka mwisho wa kiangazi. Yeye na Baba hawakuligusa tena jambo lile, na miaka michache baadaye alifariki dunia huko huko Rufiji.

Mimi nilimkasirikia baba yangu kwa miaka mingi. Niliamini alimwonea haya mama yake kwa ajili ya mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia. Nilipokua nikasoma habari za mizinga ile ya Vita vya Kwanza vya Dunia na hasira ikazidi. Kila mzinga wanahistoria wameufuatilia ulikoishia. Mmoja uko Mombasa, mwingine uko Pretoria, na watu wanapiga picha nayo. Wamehifadhi mpaka nambari zilizochongwa chumani. Wale waliokuwa kwenye kamba hata kaburi lao halijulikani lilipo. Msiniambie hivyo ni vita vya zamani. Bibi yangu alizaliwa yatima kwa ajili ya chuma, na chuma kikatunzwa.

Mwaka jana nilimwendea Baba huko DeSoto, anakoishi sasa kwa kuwa amestaafu, nikamuuliza waziwazi: kwa nini ulimdanganya Bibi siku ile?

Akasugua magoti yake. Halafu akaniambia kwamba alipokuwa darasa la tatu, mwalimu wa historia alifundisha vita vile, naye akanyoosha mkono kwa furaha akasema babu yake aliuvuta mzinga. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Kumbe babu yako alikuwa punda." Wakamwita Punda mpaka alipomaliza shule. Mwalimu yule hakuwa Mzungu. Wala Mjerumani. Alikuwa mtu wa kwetu, mtaa wa pili.

"Nilipomwona mwanangu kwenye kile kiti, na bibi yenu anaanza habari ya mzinga," Baba akasema, "nikaona mtacheka na nyinyi."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka yote ile, nikakuta yeye ana yake, ya zamani kuliko yangu, na hakuwahi kupata hata mtu mmoja wa kumfokea. Nikamuuliza tu kitu ambacho siku ile melini hakuna aliyekiuliza, hata mimi: huyo babu aliitwa nani?

"Mbonde," akasema. Akasema tena kwa nguvu, kama mtu anayejibu darasani. "Aliitwa Mbonde. Na hakuwa punda."